Njia Tatu za Kwenda Ssese

Kila ufikapo mwezi wa Novemba, mitihani ikiwa imekwisha kusimamiwa na ripoti za wanafunzi zingali juu ya meza, sisi walimu wa Kiswahili wa Kampala huanza kuulizana: mwaka huu tutakwenda kupumzika wapi? Jibu halitafutwi mbali. Mji wetu u karibu na ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika, lenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 68,000, nalo lina visiwa vya Ssese, 84 kwa hesabu iliyozoeleka, vyenye misitu, michanga na upepo ambao mtu wa mjini huulipia kwa furaha. Swali lenye kuleta ubishi ni la pili: tutafikaje huko? Walimu wenzetu wa nchi jirani nao wametuuliza mara kwa mara, kwa hiyo tumeona yafaa tuandike yale tuliyoyajadili na tuliyoyaona, ingawa twajua kwamba ratiba na nauli za vyombo hubadilika, na kila msafiri hana budi kuuliza upya kabla ya kufunga mizigo.

Desemba 2019 tulikuwa watu 34: walimu, wake na waume zetu, na watoto. Kamati ya safari ilikutana mara moja kwa ajili ya malazi, mara mbili kwa ajili ya chakula, na mara tano kwa ajili ya chombo cha kupanda. Msomaji asitushangae. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu tarehe 24 Novemba 2018, siku ya Jumamosi, ambapo chombo kilichobeba watu wa sherehe kilizama karibu na pwani ya Mukono, na zaidi ya watu 30 wakafa maji. Walikuwa watu wa mjini kama sisi, wenye kazi na familia zao, waliotoka kwenda kustarehe na kurudi. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na kisiwa cha Ukara, upande wa Tanzania, na zaidi ya watu 220 wakapotea. Ziwa ni lile lile moja. Kwa hiyo mtu aliposema katika kikao kwamba chombo ni chombo, mradi kinaelea, wengi wetu hatukucheka.

Mgeni anayetazama ramani huuliza kwanza kwa nini hatuanzii safari Port Bell, huko Luzira, ambako ni mwendo wa kilomita kumi hivi kutoka katikati ya mji. Port Bell ni bandari ya shehena zaidi kuliko ya abiria, na safari ya Ssese haianzii huko. Walakini jina lake linahusiana na visiwa hivyo kwa namna ambayo wanafunzi wetu wafaa kuijua. Bandari iliitwa kwa jina la Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza kuanzia 1906 hadi 1909. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa umekwisha kuua watu wengi mno katika Buganda na Busoga, na serikali yake ikaamuru watu wahamishwe kutoka kandokando ya ziwa. Watu wa Ssese nao waliondolewa katika visiwa vyao, wakaishi bara kwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kurejea. Hawa ndio waliosifika ziwa zima kwa kuunda vyombo. Chombo chao hakikuwa mtumbwi kwa maana halisi ya neno hilo, yaani gogo moja lililochongwa ndani. Kilikuwa na mkuku, na juu ya mkuku huo mbao zilishonwa kwa kamba. Mwalimu aliyepata kuwasimulia wanafunzi habari za mtepe wa Lamu, uliokuwa ukishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, na asisahau kuwaambia kwamba huku ziwani nako kulikuwa na mafundi wa kushona mbao.

Turudi kwenye safari. Njia ya kwanza ni ya barabara kupitia Masaka. Msafiri hupanda basi au taksi (nasi huku husema taksi kwa gari lile lile ambalo Mkenya huliita matatu na Mtanzania daladala, jambo ambalo limewapoteza wageni wetu zaidi ya mara moja), akaenda kilomita 130 hivi hadi Masaka, akipita Kayabwe ambapo mstari wa ikweta hukata barabara na watu hushuka kupigwa picha. Kutoka Masaka huteremka hadi Bukakata, na hapo huvuka kwa feri hadi Luku katika kisiwa cha Bugala, kilicho kikubwa kuliko vyote vya Ssese. Kuvuka kwenyewe hakufiki saa moja, na hapakuwa na nauli. Kisha ni mwendo mwingine wa gari kupita mashamba ya michikichi hadi mji wa Kalangala. Njia hii ni ndefu, huchosha kiuno, na wakati ule sehemu ya Bukakata ilikuwa na vumbi lisilo kifani. Lakini maji yake ni machache. Mwalimu mwenzetu mmoja, mwenyeji wa Masaka, aliitetea kwa hoja moja tu aliyoirudia katika vikao vyote: barabarani gari likiharibika, unashuka.

Hoja hiyo ni nzuri, ila haikutosha kutushawishi sote, maana barabara nayo ina mauti yake; anayejua barabara ya Masaka wakati wa Krismasi hahitaji kuelezwa. Tena nchi kavu si kavu siku zote. Mei 2023 mto Katonga ulifurika, ukaharibu daraja katika barabara hiyo hiyo, na magari yakalazimika kuzunguka mbali kupitia Sembabule. Aliyekuwa akijisifu kwamba ameyakwepa maji aliyakuta njiani.

Njia ya pili ni ya MV Kalangala. Chombo hiki kilikuwa kikiondoka Nakiwogo, karibu na Entebbe, saa nane mchana, na kufika Lutoboka, chini ya mji wa Kalangala, baada ya saa tatu na nusu hivi; asubuhi yake, saa mbili, kilianza safari ya kurudi. Kina viti ndani na sitaha ya kusimama nje, hupakia na magari machache, na abiria wake ni 100 na ushei. Ubaya wake ulikuwa mmoja. Kilikuwa kikienda mara moja kwa siku, na katika siku za sikukuu watu waliotaka kwenda walizidi sana nafasi zilizokuwapo. Aliyechelewa aliachwa. Tulipata habari za familia nzima zilizofika Nakiwogo na magodoro na kuku wao wa Krismasi, zikarudishwa kutoka langoni. Mweka hazina wetu, ambaye ni mtu wa hesabu kuliko wa lugha, alitukumbusha kwamba watu 34 ni karibu theluthi ya chombo kizima; ilikuwa vigumu kuamini kwamba sote tungepata nafasi kwa siku moja.

Hapo ndipo ilipoingia njia ya tatu, nayo ndiyo iliyokula vikao vyetu. Ndugu mmoja mwenye mashua ya mbao iliyofungwa injini nyuma alituletea ujumbe kwamba yuko tayari kutuchukua sote kwa mkupuo mmoja, kutoka mwalo mmoja wa upande wa Entebbe hadi mchangani mbele ya nyumba yetu ya kulala wageni. Saa ya kuondoka tungechagua wenyewe. Bei yake, ukiigawa kwa vichwa, haikutofautiana sana na nauli ya feri. Hakuna foleni, hakuna kuachwa, na muziki ungekuwamo. Kura ingepigwa siku hiyo, mashua ingepita bila kupingwa. Kwa bahati mwenyekiti wetu ni mtu wa desturi za zamani, asiyenunua hata mkungu wa ndizi bila kuupindua. Akaamua kwamba watu watatu waende wakaitazame kwanza.

Tuliokwenda tuliikuta imevutwa nusu nchi kavu, imepakwa rangi ya buluu na nyeupe, nayo kwa kweli ilipendeza. Mwenyewe alitupokea kwa heshima, akatuita walimu, akaagiza tuletewe soda. Kiswahili chake kilikuwa kile cha ziwani, chepesi na kisichojali ngeli, walakini kinachoeleweka Mwanza, Kisumu na Entebbe sawasawa. Wavuvi wa ziwa hili hawajawahi kuwangoja walimu wala serikali ili wakubaliane lugha ya kazi. Tuliuliza juu ya injini, akaiwasha. Tuliuliza juu ya jaketi za kujiokolea, akaonyesha rundo chini ya turubai. Tulihesabu kumi na sita, tatu kati yake zikiwa zimekatika mikanda. Tukamwuliza mashua hubeba watu wangapi.

"Mwalimu," akasema, "kwani nyinyi muko wangapi?"

Alisema bila ujanja wowote. Alikuwa anataka kutusaidia. Tungesema 20, angesema inabeba 20. Tungesema 50, tunaamini angekuna kichwa kidogo na kusema hata hamsini huingia, mradi watoto wapakatwe. Chombo chake hakikuwa na kiasi. Kiasi kililetwa na mteja.

Tulirudi Kampala tukilitafakari jibu hilo, na tulipolieleza kikaoni pakawa kimya kidogo. Maana ukiyachunguza maafa makubwa ya ziwa hili, aghalabu utalikuta jibu kama hilo limejificha mahali. MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa katika orodha yoyote. Idadi ya mamia ya waliokufa ilibidi ikadiriwe, na zipo familia ambazo hazikuweza hata kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwamo. MV Nyerere iliruhusiwa watu 101. Waliopotea peke yao walizidi mara mbili ya hao. Chombo cha Mukono nacho kilijazwa kupita kiasi, na siku za kuopoa maiti hakuna aliyejua kwa yakini ni wangapi wa kutafutwa. Hata baada ya safari yetu, Agosti 2023, mashua iliyotoka visiwa vya Kalangala ikiwa imesheheni mkaa, vyakula na dagaa ilizama, wakafa watu 20. Twasikia watu wakililaumu ziwa, na ni kweli lina hila zake: dhoruba zake nyingi huzaliwa usiku juu ya maji, kisha upande wetu wa magharibi huamka nazo alfajiri, na kwa kuwa si ziwa la kina kirefu sana kwa ukubwa wake, mawimbi yake huwa mafupi na ya kusimama wima, yasiyompa nahodha nafasi ya kupumua kati ya moja na jingine. Hata hivyo dhoruba haikuandika orodha ya abiria, wala haikukataa kuiandika.

Kwa hiyo tulianza kuitazama upya habari ya wale waliorudishwa Nakiwogo na kuku wao. Mwanzo tuliisikiliza kama aibu ya kivuko. Sasa tuliiona kuwa ndiyo sifa yake. Mahali ambapo karani hukata tiketi hadi nambari fulani kisha akafunga lango, na asilifungue kwa machozi wala kwa noti, hapo mtu anahesabiwa. Ni jambo la ajabu kidogo kumshukuru mtu aliyekufungia lango, na hatusemi kwamba ni rahisi. Lakini kamati ilikata shauri kwamba chombo kisichoweza kumwacha mtu gatini tusikipande, hata kiwe kizuri namna gani. Mwenye mashua tulimpelekea ujumbe wa heshima pamoja na fedha kidogo kwa ajili ya muda wake. Hakukasirika. Alisema tukibadili mawazo yupo.

Hapa msomaji ataturuhusu tutoke njiani kidogo, maana ni vigumu kuwaweka walimu wa lugha katika kikao kimoja wasizungumze maneno. Neno abiria tunalolitumia hata kwa mtu aliyeketi ndani ya basi hapa mjini latokana na kuabiri, yaani kuvuka maji kwa chombo. Nauli nayo ilikuwa kwanza malipo ya chombo cha baharini kabla ya kupanda magari. Lugha yetu, ambayo wengi hudhani ilijifunza safari barabarani, ilijifunza majini, na ikayapeleka maneno hayo nchi kavu. Huku ziwani nako iliokota. Mahali pa kuegesha mashua za uvuvi Waganda hupaita omwalo. Upande wa Tanzania wavuvi na hata maofisa husema mwalo, wingi mialo, nalo ni neno zuri, kwa sababu bandari ni kubwa mno na gati ni kitu cha kujengwa. Chombo kinachovusha watu na magari Mtanzania huweza kukiita pantoni, Mganda na Mkenya feri, na vitabu vyetu kivuko. Sisi huyafundisha yote, na hatuoni sababu ya kulifukuza hata moja.

Ubishi mkubwa ulizuka juu ya lile vazi la kujiokolea. Katika mwalo tuliouzuru palikuwa na ubao wa maonyo ulioandikwa Kiingereza peke yake, nao ulisimama mbele ya watu ambao wengi wao hawakisomi. Uganda ilikwisha kukitaja Kiswahili katika katiba kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia tena kitumike rasmi. Mbao za mialoni zingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Tuliporejea shuleni tuliwapa wanafunzi wa kidato cha tatu kazi ya kuufasiri ubao ule. Wakaleta "boya la kuvaa", "koti la uhai", "kizibao cha kuelea" na mengine yaliyotuchekesha. Mvulana mmoja, ambaye babake ni mvuvi, aliandika tu: vaa jaketi kabla ya kupanda, funga mikanda yote. Tulimpa alama zote. Wenzetu wawili hadi leo wanaona kwamba neno jaketi ni la mitumba na halifai katika ubao wa serikali, na tunawaachia maoni yao.

Basi tuligawanyika. Watu tisa wakiongozwa na yule mwenyeji wa Masaka walipita barabara, wakaondoka Kampala alfajiri na kufika Kalangala alasiri wakiwa na rangi ya udongo. Waliobaki 25 tuliamka mapema, tukapita barabara mpya ya Entebbe iliyofunguliwa mwaka uliotangulia, na saa nne asubuhi tulikuwa Nakiwogo, saa nne nzima kabla ya chombo kuondoka. Foleni ilikuwa imekwisha kutufika. Karani alikata tiketi bila haraka, akiandika jina la kila mtu, hata la mtoto wa miezi saba aliyekuwa mgongoni mwa mamake. Na tulipomwambia kwamba huyo hana kiti, alijibu kwamba kiti hana lakini yumo. Tulipofika mtu wa kumi na nane alituonyesha kitabu, akafunga.

Saba wetu walibaki nje ya lango, miongoni mwao mweka hazina mwenyewe na watoto wake wawili ambao walilia kwa sauti ya kusikika hadi sitahani. Wapo waliosema pale pale kwamba afadhali tungechukua ile mashua ya buluu. Mke wa mweka hazina aliwatazama tu. Chombo kiliondoka saa nane na dakika chache, maji yakiwa shwari, na tuliokuwamo tulikaa upande wa nyuma tukiwapungia mikono hadi wasionekane.

Walilala Entebbe, katika nyumba ya mwalimu mwenzetu aliyewapikia samaki, na siku ya pili walikuwa wa kwanza langoni. Walifika Lutoboka jioni, tukawapokea kwa vigelegele. Kati ya siku tatu za mapumziko walikuwa wamepoteza moja. Malazi ya usiku huo yalikuwa yamelipwa na mwenye nyumba hakurudisha fedha, kwa hiyo katika kikao cha Januari tulichanga kidogo kidogo kila mmoja, tukawalipa. Mweka hazina aliingiza fedha hizo katika daftari chini ya nauli.